Mawese Kwenye Shokapu

Mke wangu alinikataza kuigusa baiskeli yake. Alisema mara moja tu, amekaa mkekani, mkono wa kushoto umefungwa hogo la chokaa kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. "Usiiguse." Nikasema sawa. Haikupita robo saa, nilikuwa nyuma ya nyumba na spana mkononi.

Sina cha kujitetea. Mikono yangu haijui kukaa. Msibani wenzangu wametulia jamvini, mimi nachokonoa nyuzi za jamvi. Nikingojea chai nafungua na kufunga kifuniko cha chupa mpaka mtu aninyang'anye. Kazi yangu ni kuchomelea vyuma Kibirizi, hatua chache kutoka pale maboti yanaposhusha dagaa, na nadhani niliichagua kwa sababu hakuna anayemshangaa fundi akihangaika. Nyumbani ni kwingine. Nyumbani kwetu Ujiji, kuhangaika kwangu kulikuwa kumemvunja mke wangu kifundo cha mkono, na mke wangu ni mkunga.

Niliseme hili mapema, ili mtu asije akanihurumia kabla ya wakati. Anafanya kazi katika zahanati moja ya mlimani, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli kutoka kwetu, na wanawake wa kule wanamjua kwa mikono yake. Aliwahi kunieleza mtoto anavyopokewa: mkono wa kulia unasaidia chini, wa kushoto unatangulia kichwani, unakizuia kisitoke kwa kishindo. Sasa daktari wa mifupa alimwambia mfupa utaunga, lakini akiuangukia tena kabla haujakomaa, vidole huenda visifumbe sawasawa maisha yake yote. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nasoma bango la kunawa mikono kwa mara ya nne. Nikatoka nje.

Baiskeli yenyewe tuliipata kwa mtaalamu mmoja wa maji aliyekuwa anahamishwa kutoka Kigoma. Ilikuwa baiskeli ya milimani, ya gia, matairi manene, na chini ya kiti ilikuwa na shokapu la nyuma: springi nyekundu imelizunguka bomba dogo lenye mafuta ndani. Mke wangu ni wa Usukumani. Kwao mwanamke kupanda baiskeli si habari, na alishachoka na bodaboda wa asubuhi anayejibu simu, "Nipo njiani, nesi," na unamsikia kabisa kwamba bado yuko kitandani. Alipoipanda mara ya kwanza akazunguka mtaa mzima, akarudi anacheka.

"Inapumua," akasema.

Mimi nikaona ugonjwa. Kibirizi baiskeli haipumui. Wapakiaji wetu wanapandisha magunia ya dagaa kwenye baiskeli za chuma tulizoziongezea nondo, na baiskeli ikianza kunesa maana yake iko karibu kukatika. Kijana akileta baiskeli yenye shokapu za mbele, kazi yangu ni moja: naziua. Naingiza kipande cha bomba, nachomelea juu na chini, kwisha. Nimeua shokapu nyingi kwa mikono hii na wenyewe wakanishukuru. Kwa hiyo siku nilipoipeleka baiskeli ya mke wangu kazini, na mpakiaji mmoja mkongwe akaikalia ikazama, mimi ndiye niliyeona aibu.

"Sha, ndugu yangu, hii inachuchumaa," akasema, akashuka haraka. "Unampandishaje mkeo kitu kinachochuchumaa?"

Mke wangu alikuwa na lalamiko moja tu. Kabla ya kufika zahanati kuna mteremko, na mwisho wa mteremko maji ya masika yamekata korongo katikati ya njia. Pale, alisema, nyuma inazama mpaka mwisho na kugonga chuma kwa chuma. Mwanamume mwenye akili zake angemuuliza: ukiwa umekaa au umesimama? Una begi mgongoni au huna? Mimi nilikuwa nimeshaingia kwenye lundo la vyuma chakavu. Nikapata springi ya pikipiki iliyokufa, nikaikata kwa grenda, nikaisawazisha ncha, nikaipachika mahali pa ile nyekundu. Nikaikalia mwenyewe, kilo tisini na ushee. Ikazama kidogo tu kisha ikanisukuma juu. Nikaona nimeweza.

Pembeni mwa lile bomba kulikuwa na skrubu ndogo ya kuzungusha kwa vidole, na kando yake wamechora wanyama wawili: upande huu sungura, upande huu kobe. Nikaizungusha yote hadi kwa sungura. Nilijiambia hakuna anayenunua chombo ili kiende kama kobe.

"Umeifanyaje?" aliuliza asubuhi yake, akikibonyeza kiti.

"Nimeiimarisha."

"Nilikuomba?"

"Hutagonga tena."

"Sikio la kufa," akasema. Hakuimalizia methali kwa sababu alikuwa anachelewa.

Na mimi, kwa majivuno yangu, nikapanda bodaboda nikamtangulia. Nilitaka kuona kazi yangu ikipita korongoni. Nikasimama juu ya jiwe moja kando ya njia, nimekunja mikono. Akatokea juu ya mteremko, blanketi la wingu bado liko mlimani, begi mgongoni, kengele inalia. Akaingia korongoni. Kweli haikugonga. Springi ilijikunja nusu, halafu ikajikunjua yote kwa mara moja, na kiti kikamnyanyua mke wangu kikamtupa mbele juu ya usukani. Nilimwona hewani. Nilimwona akitanguliza mkono.

Hospitali, wakati chokaa inakauka, ndipo aliponiangalia. "Haikugonga," akasema. "Hapo ulisema kweli. Ilinirusha."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu asiyesikia nilikuwa mimi, aliyevunjika ni yeye, na methali haina mahali pa kumweka mtu kama mimi. Wiki zile sikukaa. Nilikuwa nikifika Kibirizi kabla ya maboti, nikiwagombeza watu bila sababu, nikiunguza elektrodi kwa chuma ambacho hakikuhitaji. Nyumbani nilipaka rangi dirisha moja nikaacha. Nikapanga kuni upya. Mke wangu alikuwa akinitazama kama anavyowatazama wanaume wanaotembea nje ya wodi ya wazazi, bila hasira, na bila msaada wowote.

Siku moja mwanamke wa kule mlimani alishuka mpaka kwetu na mkungu wa ndizi kichwani. Alikuwa na mimba kubwa kiasi. Mimba yake ya kwanza, mke wangu alinieleza baadaye, mtoto alitoka kamba ya kitovu imemkaba shingoni na hakuna aliyewahi kuitoa kabla hajafa. Hiyo ilikuwa kwingine, kabla hajaanza kwenda zahanati kwa mke wangu. Akakaa mkekani, akasalimia, akasifia nyumba, akazunguka weee, mwishowe akauangalia ule mkono wa chokaa.

"Nesi, najifungua mwezi wa saba mwishoni. Nitakukuta?"

Mke wangu alijaribu kuvikunja vidole vilivyochomoza kwenye hogo. Vilikunjika kidogo.

"Utanikuta," akasema.

Ndipo nilipokwenda nyuma ya nyumba na spana. Ndiyo siku ile ya "usiiguse".

Nikaitoa springi. Nikaona haitoshi, nikalifungua na bomba lenyewe, ambalo mtu mwenye subira angeliacha. Likakoroma, mafuta yake yakamwagika mchangani kabla sijatafuta chombo. Ndani kulikuwa na kijiti chenye kichwa cha shaba, na kwenye kichwa matundu mawili matatu ambayo hata sindano ya kushonea ingepita kwa taabu. Nilikigeuzageuza. Nilijua kila kitu kuhusu chuma kinachobeba na sikujua lolote kuhusu hicho.

"Haya," sauti yake ikasema nyuma yangu. Alikuwa amesimama mlangoni, ule mlango wetu wa wavu. "Ulisema sawa."

"Nilisema."

Nilitegemea anichane. Badala yake akauachia mlango. Una springi, na kila siku ya ndoa yetu umekuwa ukijibamiza mpaka majirani wanajua nani ametoka na nani ameingia. Ukajibamiza. "Huo ndio ulionirusha," akasema. "Springi peke yake." Akaingia ndani, mlango ukajibamiza tena, akarudi na bomba la sindano lisilo na sindano, kikombe cha maji na chupa ya dawa ya kikohozi. Akakaa kwenye kigoda.

"Vuta maji. Sukuma."

Nikasukuma. Yakaruka hadi kwenye ukuta.

"Sasa vuta hii dawa. Sukuma kwa nguvu ileile."

Kidole gumba kilikwama. Dawa ilitoka polepole, kwa muda wake, na kadiri nilivyokazana ndivyo ilivyonizuia.

"Mafuta mazito, tundu dogo," akasema. "Hayabebi uzito. Yanaishika springi isirudi kwa fujo. Ukiweka springi kali, lazima na kinachoishika kiwe kikali. Wewe uliweka springi ya pikipiki halafu ukazungusha skrubu hadi kwa sungura, ukaifungulia mlango." Akaichukua ile sindano mkononi mwangu. "Mama anasukuma. Mimi sisukumi. Mimi nazuia kasi. Ukimwacha mama asukume bila mtu wa kuzuia, mtoto anatoka na mama anachanika. Umenielewa, fundi?"

Nilimwelewa kuliko nilivyowahi kumwelewa mwalimu yeyote. Nilitamani kulia na nilitamani kuanza kazi, na kwa kuwa ndivyo nilivyo, nikaanza kazi.

"Sasa tafuta mafuta yake," akasema. "Yake. Usilete ubunifu."

Duka la vipuri vya pikipiki pale mjini mafuta ya shokapu yalikuwa yamekwisha. Mzigo uko kwenye treni, wakaniambia, njoo wiki ijayo. Wiki iliyofuata wakaniambia njoo wiki ijayo. Hogo likakatwa. Mkono ukatoka mwembamba, umepauka, na mke wangu akawa anashinda akifinya soksi iliyoviringishwa, mara hamsini asubuhi, mara hamsini jioni. Akaandikiwa tarehe ya kurudi kazini, Jumatatu. Mimi nikawa naiangalia ile baiskeli iliyofunguliwa tumbo, na wiki ijayo hazikuwa zimebaki.

Jumamosi mchana nikaingia jikoni. Kwenye rafu ilikuwepo chupa ya mawese, mekundu, mazito, yanateleza taratibu kwenye kioo kila nilipoiinamisha. Yalinikumbusha dawa ya kikohozi. Nikayachuja kwa kitambaa mara tatu, nikalijaza lile bomba, nikafunga. Springi nikarudisha ileile ya pikipiki. Ya mwenyewe, nyekundu, ilikuwa kwenye lundo kule Kibirizi, na sikutaka kurudi kuitafuta, maana kuitafuta ni kukiri. Nilijiambia springi haina kosa, ilikosa wa kuishika tu.

Jua lilikuwa kali. Nikaipanda kwenye mashimo ya mtaa wetu, nikaiteremsha ngazi za mtu, nikaiangusha makusudi kutoka kwenye kibaraza. Ilizama, ikatulia, ikarudi kistaarabu. Nikamwita. Akaizunguka kwanza, kisha akapanda, mkono wa kushoto umegusa usukani tu. Akapita kwenye shimo dogo. Akapita kubwa. Aliporudi alikuwa na sura ambayo sikuwa nimeiona tangu siku ya korongo.

"Sasa imetulia," akasema. "Mafuta yalikuja?"

"Yalikuja."

Nilidanganya kwa sababu ya kipumbavu. Tangu aletwe Kigoma, mawese ndiyo utani wake juu yetu. Tunayatia kwenye maharage, kwenye kisamvu, kwenye samaki, mama yangu alikuwa akiyapaka hata bawaba. "Nyie watu wa mwisho wa reli," husema, "siku moja mtayatia kwenye chai." Nilijua nikimwambia atacheka mpaka akae chini. Nikaogopa kuchekwa. Mtu aliyekwisha kumvunja mkewe mkono alikuwa bado anaogopa kuchekwa.

Jumatatu aliondoka saa kumi na mbili kasoro, mimi niko bafuni. Nikasikia kengele na mlango ukijibamiza. Nilitoka natetemeka, mwezi wa saba asubuhi, upepo wa ziwani unakuja hadi jikoni. Nikabandika maharage ya jana, nikachukua chupa ya mawese, nikaiinamisha juu ya sufuria. Hakikutoka kitu. Nikaigeuza kichwa chini. Yalikuwa yameganda, rangi imekuwa ya njano, yamekaa tu.

Kila kiangazi ni hivyo. Tangu utoto wangu kazi ya kwanza ya asubuhi ni kuisogeza chupa karibu na jiko, tena ilikuwa kazi yangu. Mgeni angeweza kusema hakujua. Mimi nilizaliwa Ujiji, na kule mlimani anakokwenda baridi ni maradufu.

Sikumbuki kama nilizima jiko. Bodaboda wa kwanza niliyempata nilimwambia akimbize na asiniulize. Alikimbiza. Njia nzima nilikuwa nasukuma kwa miguu yangu kana kwamba pikipiki ingesikia. Nilihesabu mashimo ambayo mke wangu alikuwa amekwisha kuyapita. Nikamwomba Mungu kwa namna mbaya, kwa kumwamuru.

Tukamkuta juu ya mteremko. Alikuwa ameshuka. Alikuwa amesimama na baiskeli kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameuingiza ndani ya kanga kifuani, na sikujua kama ni baridi au ni maumivu. Nikaruka kabla pikipiki haijasimama.

"Umeanguka?"

"Sijaanguka."

"Mkono?"

Akaniangalia nilivyokuwa: kandambili moja ya bluu, moja ya kijani. Kisha akakionesha kidole chake cha kulia. Kilikuwa na mafuta ya njano aliyoyapangusa pembeni mwa shokapu, penye mpira uliovuja. Akakinusa, akanipa na mimi ninuse.

"Hili ni chakula," akasema.

"Mafuta hayakuja," nikasema. "Niliweka mawese. Yameganda. Nilijua yanaganda, kila mtu hapa anajua, sikufikiri, nilitaka Jumatatu ikukute..." Niliendelea, sijui mpaka wapi. Bodaboda aliangalia upande wa mlima kwa adabu.

Nilitegemea kicheko. Hakucheka. "Mawese si kitu," akasema. "Ningekuambia uyatoe, basi. Lakini nilikuuliza. Mgonjwa akinificha alichokunywa, mimi nitamtibu nini?" Akautoa ule mkono ndani ya kanga. "Mkono unaniuma tangu daraja la kwanza. Nilidhani ni mkono wangu ndio umeshindwa. Nilikuwa nimesimama hapa naagana na kazi yangu."

Hilo sijalisahau na sitegemei kulisahau.

Kisha akanisukumia baiskeli. "Panda. Teremka."

Nikapanda. Shimo la kwanza nyuma ilizama kwa shida, na haikurudi. Shimo la pili ikazama zaidi, ikabaki hukohuko. La tatu hapakuwa na pa kuzama tena, na pigo lote likaja kwenye mgongo na mikono yangu mpaka meno yakagongana. Hilo lilikuwa kosa la pili, kinyume cha la kwanza: mara ile springi ilikosa wa kuishika, sasa ilishikwa mpaka ikakabwa. Nikapita korongo kwa kuburura miguu. Nilipogeuka nyuma, mke wangu alikuwa amekwisha kupanda ile bodaboda yangu. Akanipita, begi mgongoni, hakupunga mkono.

Nikabaki na baiskeli. Kufika saa nne jua likapanda, mawese yakayeyuka, na nikiwa nakaribia Ujiji ilikuwa inakwenda vizuri ajabu, inanesa na kutulia kama tulivyoiacha Jumamosi. Niliichukia kuliko nilipokuwa juu ya mteremko.

Jioni alitoa sheria. Alikuwa ameloweka mkono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. "Utaigusa mimi nikiwa nimekaa juu yake. Vinginevyo huigusi. Na mafuta yakija nitaiona chupa kwa macho yangu."

Mafuta yalikuja na treni ya wiki ile. Springi nyekundu niliipata kwenye lundo, chini ya keria nne na mtungi. Yule mpakiaji mkongwe aliniona nikiipangusa vumbi.

"Unarudisha uchuchumaji?" akauliza.

"Ego, mzee," nikamkubalia kwa Kiha. "Mke wangu si gunia."

Alifikiri kidogo, akakubali kwamba si gunia.

Tulifanya kazi Jumapili, uani. Yeye alivaa kama anakwenda kazini: viatu vyake, begi lake lenye kila kitu chake ndani, hata chupa ya maji. Akapanda, mimi nikaushika usukani. Nikaona kiti kikizama, robo ya mwendo wake wa kuzama, kikasimama. Nilikuwa nimemwoa miaka tisa na sikuwahi kumuuliza ana kilo ngapi. Nikamuuliza. Akanitajia, akaongeza na begi. Nikaona jinsi nilivyomjengea chombo cha mtu mwingine, mnene, anayebeba dagaa.

"Sasa ibonyeze, halafu usiongee," akasema.

Alirukaruka juu ya kiti, akasikiliza. Mimi niliona kabisa skrubu inataka kwenda wapi. Mkono wangu ukaondoka wenyewe. Akaupiga kofi.

"Shika usukani."

Akainama, akaizungusha skrubu mwenyewe kwa vidole vya kushoto, vile vyembamba. Tiki. Akajaribu. Tiki tena, upande wa kobe. "Hata mtoto wa darasa la pili anajua nani hushinda," akasema. Kisha akarudisha tiki moja, kwa sababu ilikuwa inachelewa mno kunyanyuka. Ilichukua karibu saa nzima. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, kusimama na kushika kitu kisitikisike wakati mwingine anahisi. Jasho lilinitoka kuliko kwenye moto wa kuchomelea.

Kesho yake sikwenda kusimama kwenye jiwe. Nilikwenda Kibirizi, nikaweka simu juu ya meza ya vyuma, nikaigeuza, nikaigeuza tena. Saa moja na dakika kumi ujumbe ukaingia. *Nimefika.* Hakuandika kingine, na nikausoma nadhani mara ishirini.

Mwisho wa mwezi wa saba alirudi nyumbani jioni akiwa amechoka, kanga imefungwa vibaya. Akaiegemeza baiskeli ukutani, akaketi mkekani bila kunawa. Nikaanza kumimina chai, kisha nikawa nafungua na kufunga kifuniko cha chupa.

"Yule wa ndizi kajifungua," akasema.

Nikaacha kuzungusha kifuniko.

"Kamba shingoni. Mara mbili. Kichwa kimeshatoka, mama hawezi kuacha kusukuma." Aliongea akiangalia chini. "Lazima uizuie kasi na vidole hivyohivyo viingie chini ya kamba. Pana nafasi ndogo, hivi."

"Na mkono?" nikauliza.

Akaunyoosha wa kushoto, akaitoa chupa mikononi mwangu, akafunga kifuniko mwenyewe mpaka kikakaza.

"Mkono ulikuwepo," akasema. "Mtoto alilia."